Kutoka Santuri Hadi Simu: Wimbo wa Morogoro Ukipigwa, Nani Analipwa?

Wadau, leo tuongee muziki. Ila si habari za nani kamdisi nani wala nani kanunua gari gani. Tuongee pesa ya muziki: inaingilia wapi, inapita mikononi mwa nani, na inaishia mfukoni kwa nani. Na kwa kuwa wengi wetu tunadhani mgogoro huu umeanza na Spotify, nataka nirudi nyuma mpaka enzi za santuri.

Kabla ya hapo niweke sawa jambo moja. Nikisema Magomeni sizungumzii ile ya Mapipa na Usalama. Magomeni ninayoizungumzia ni ya Kilosa, mkoani Morogoro, mji wa Reli ya Kati na mashamba ya mkonge. Ukipita hapa jioni muziki unausikia kila upande: kwenye bodaboda, saluni, kwa fundi cherehani, kwenye banda la chipsi. Nyimbo nyingine zinatoka YouTube, nyingine zimeingizwa kwenye flashi na kijana mwenye kompyuta na kibanda, kwa bei ya soda. Hakuna anayeuliza mwenye wimbo ni nani. Wimbo upo, unapigwa, basi.

Mtu anaweza kusema mji mdogo kama huu hauna cha kuwaambia wataalamu wa hakimiliki. Mimi nasema unacho. Mkoa wa Morogoro ndio uliomtoa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Ndio uliomlea Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Na jimbo la Mikumi, lililomo ndani ya wilaya hii ya Kilosa, ndilo lililompeleka bungeni Joseph Haule, yule tunayemwita Profesa Jay, mwaka 2015. Watu watatu, vizazi vitatu. Ukifuata safari ya nyimbo zao unaipata historia nzima ya hakimiliki ya muziki Tanzania, na unaona jambo moja likijirudia: kila kilipokuja chombo kipya, wimbo ulihama haraka, karatasi ikabaki nyuma. Na kila mara aliyeshika karatasi ndiye aliyelipwa.

Tuanze na Salum Abdallah Yazidi. Huyu bwana alianzisha kundi la La Paloma mjini Morogoro mwaka 1948, nalo baadaye likawa Cuban Marimba. Husimuliwa kwamba ujanani alitaka kusafiri mpaka Cuba kwa mapenzi ya muziki wa kule, akaishia Mombasa. Mombasa hiyo hiyo ndiko kulikokuwa na kampuni ya Assanand, wafanyabiashara wenye lebo ya Mzuri, na nyimbo za Salum zilitoka kwenye santuri za Mzuri. Zikauzwa Tanganyika, Kenya na Zanzibar, zikapigwa redioni. Kwa kijana wa Morogoro wa miaka ya 1950 hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Je, sheria ilikuwepo? Ilikuwepo. Waingereza waliileta sheria yao ya hakimiliki Tanganyika kwa Ordinansi ya mwaka 1924. Lakini sheria ile ilitungwa ikiwawaza watunzi na wachapishaji wa vitabu wa Uingereza, siyo mpiga gitaa wa Morogoro. Hapakuwa na chombo cha kumkusanyia mtunzi pesa zake. Kwa hiyo kilichoamua nani apate nini kilikuwa makubaliano kati ya mwanamuziki na mwenye studio, na kwa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki wa zama hizo makubaliano yenyewe yalikuwa malipo ya mara moja. Unaimba, unapewa chako, unaondoka. Santuri ikiuzwa elfu au ikiuzwa mia, chako ni kile kile.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965. Kumbukeni mwaka huo, maana nitaurudia.

Mwaka uliofuata, 1966, Tanzania huru ikatunga sheria yake ya hakimiliki. Ni jambo la kuheshimu, nchi changa kukumbuka watunzi wake mapema namna hiyo. Lakini sheria ya 1966 nayo haikuja na chombo cha kukusanya na kugawa mirabaha. Mwanamuziki alikuwa na haki kwenye makaratasi ya serikali, ila akitaka kuidai aende mwenyewe mahakamani. Sasa niambie, mpiga gitaa gani wa mwaka 1970 angeishitaki redio ya taifa, wakati redio ya taifa ndiyo iliyomfanya ajulikane?

Hapo ndipo anapoingia Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, lakini muziki wake ni wa Morogoro. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi hiyo ikaiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 kule Osaka, Japani. Mwaka 1973 akatoka na kuunda Super Volcano.

Muziki wa Mbaraka ulikuwa na njia mbili za kumfikia msikilizaji. Ya kwanza ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa miongo miwili na zaidi RTD ndiyo ilikuwa studio kuu ya muziki nchini na ndiyo ilikuwa redio. Bendi inaingia studio, inarekodi, mkanda unabaki kwenye maktaba ya redio. Wimbo unapigwa mwaka mzima. Bendi inanufaika kwa kuwa watu wanajaa kwenye dansi siku ya Jumamosi. Mapato yalikuwa mlangoni, siyo kwenye rekodi. Mfumo huo ulikuwa na mantiki yake: redio inakutangaza, dansi linakulisha. Tatizo ni kwamba dansi linakulisha ukiwa hai na una nguvu za kupanda jukwaani. Ukifa, mlango unafungwa. Rekodi ndiyo inayobaki, na rekodi haikuwa yako.

Njia ya pili ilikuwa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, Kenya ilikuwa nacho. Kwa hiyo aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Nairobi, na Mbaraka alirekodi huko na Polygram, kampuni yenye mizizi Uholanzi na Ujerumani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Fikiria maana yake: mtunzi yuko upande huu, kampuni yenye rekodi yake iko upande ule, na katikati pana mpaka uliofungwa. Januari 1979 Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari huko huko Kenya, Mombasa, akiwa na miaka 34.

Baada ya kifo chake Polygram ilitoa mfululizo wa santuri za nyimbo zake kwa jina la Ukumbusho. Wengi wetu tulimfahamu Mbaraka kupitia mkusanyiko huo, hata kama hatukuiona santuri yenyewe bali kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda iliyonakiliwa. Polygram nayo ikanunuliwa na kampuni ya Seagram mwaka 1998 na kuunganishwa na Universal. Ndivyo biashara ya muziki inavyokwenda. Rekodi ni mali, na mali inauzwa kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina la mtunzi. Mwenye mkataba uliotunzwa anaweza kumfuata mnunuzi mpya na kumwambia lipa. Asiye nao anabaki na historia.

Halafu zikaja kanda. Wenye umri wa kaka zetu wanayakumbuka maduka ya kurekodi kanda: unapeleka kanda tupu na orodha ya nyimbo, kesho unachukua mzigo wako. Hakuna mtunzi aliyepata hata senti hapo. Lakini tusiwalaumu wenye maduka peke yao. Santuri zilikuwa hazipatikani, fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na watu walitaka muziki. Uharamia wa muziki nchini kwetu ulianza hivyo, ukiwa kama huduma, na ndiyo maana mpaka leo mwenye kibanda cha flashi pale Magomeni hajioni mwizi. Anajiona mtoa huduma.

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika haraka. Redio za binafsi zikaanza, Radio One mwaka 1994 na nyingine zikafuata. Mwaka huo huo Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na mwaka 1995 ikaingia Shirika la Biashara Duniani ambalo lina masharti yake kuhusu mali za ubunifu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hiyo ndiyo iliyoizaa COSOTA. Kwa mara ya kwanza kukawa na chombo ambacho kazi yake ni kukusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi na kuigawa.

Sheria hiyo ilileta mambo matatu ambayo kila msanii anapaswa kuyajua hata usingizini. Moja, haki inazaliwa pale kazi inapoumbwa. Kusajili COSOTA kunakupa ushahidi, lakini haki yenyewe haisubiri muhuri. Mbili, wimbo mmoja una haki za aina mbili: hakimiliki ya mtunzi wa maneno na sauti za wimbo, na hakishiriki za aliyeimba na aliyegharamia rekodi. Hao wanaweza kuwa mtu mmoja au watu watano. Tatu, haki ina mwisho. Ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Wakati sheria hiyo bado changa, Profesa Jay alikuwa anatoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu, mwaka 2001. Ndani yake mna wimbo wa Ndio Mzee, unaomcheka mwanasiasa wa ahadi tele. Miaka 14 baadaye mwimbaji mwenyewe akaomba kura Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akapata. Huo ndio uzuri wa Bongo. Lakini tuangalie biashara ya zama zile. Albamu iliuzwa kwa kanda, na njia kuu ya kufika madukani ilipita kwa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Msambazaji ndiye aliyezalisha kanda na kuchapa makava, kwa hiyo ndiye aliyejua zimetoka ngapi. Msanii alijua alichoambiwa. Wapo waliouza albamu nzima kwa bei ya mkupuo, yaani tumerudi kule kule kwa Salum Abdallah, ila sasa kuna sheria na kuna COSOTA. Serikali ikajaribu dawa ya stempu za kodi kwenye kanda, CD na DVD, kwa kanuni za mwaka 2013. Dawa ikaja mgonjwa akiwa ameshahama hospitali: watu walikuwa wameacha kununua CD, wamehamia kwenye simu.

Kwenye simu ndiko ilikotokea kesi iliyowaamsha wengi. AY na MwanaFA waliishitaki kampuni ya simu ya Tigo mwaka 2012, wakidai kwamba nyimbo zao mbili, Usije Mjini na Dakika Moja, zimetumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ikakata rufaa na mvutano ukapanda mahakama za juu. Kwa hoja yangu ya leo, la muhimu ni kile ambacho kesi ilikianika. Kati ya msanii na kampuni ya simu kuna mtu wa katikati anayepeleka nyimbo. Kampuni inamwamini mtu wa katikati kwamba ana ruhusa. Swali la mahakama linakuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: ruhusa iko wapi, imesainiwa na nani, lini? Wasanii wale walikuwa na ujasiri, mawakili na muda wa kusubiri miaka. MwanaFA baadaye akawa mbunge wa Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Kijana anayerekodi kwenye chumba kimoja hapa Magomeni hana hata kimoja cha hivyo.

Sasa tufike kwenye strimingi, yaani kusikiliza wimbo moja kwa moja mtandaoni bila kuununua. Mdundo ilianzia Nairobi, na Septemba 2020 ikaingia kwenye soko la hisa la Copenhagen, Denmark. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015, ikasambaa ikiwa imeshawekwa ndani ya simu za Tecno, na ndiyo maana ilifika vijijini kabla ya nyingine. Apple Music ilifunguliwa kwa Tanzania Aprili 2020. Spotify ikafuata Februari 2021.

Hela yake inagawanywaje? Piga picha ya chungu. Pesa za wanaolipia na pesa za matangazo zinaingia kwenye chungu kimoja. Mwenye huduma anachukua sehemu yake, kwa Spotify takribani theluthi moja, na kinachobaki kinagawanywa kwa wenye haki kulingana na sehemu ya usikilizwaji wa kila wimbo. Kwa hiyo hakuna bei moja ya kusikilizwa mara moja. Msikilizaji wa Marekani au Uingereza analipa ada kubwa kuliko wa Tanzania, na kwa sababu hiyo wimbo ule ule unazaa tofauti ukisikilizwa London na ukisikilizwa Kilosa.

Fungu hilo halitoki kwa mlango mmoja. Zikumbuke zile haki mbili. Pesa ya rekodi inakwenda kwa lebo au kwa msambazaji wa kidijitali, yule wa katikati aliyeupandisha wimbo. Pesa ya utunzi inakwenda kwa mchapishaji wa muziki au kwa chama cha kukusanya mirabaha. Msanii ambaye hakujiandikisha kokote kama mtunzi anaweza kuwa anapokea ya mlango mmoja, na ya mlango wa pili inakaa huko ikimngoja, mpaka ikagawanywa kwa wengine.

Na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Ukitaka kupandisha wimbo kupitia msambazaji wa kidijitali, unajaza fomu kwenye kompyuta au simu. Jina la wimbo, jina la msanii, picha ya kava. Mwisho kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki, ukithibitisha kwamba wewe ndiye mwenye haki au umepewa ruhusa na mwenye haki. Hakuna anayekuja Magomeni kukagua. Tiki ile ndiyo mkataba wa Mombasa wa miaka ya 1950, ndiyo mkanda uliobaki RTD, ndiyo kava la Kariakoo. Aliyeiweka kwanza ndiye mashine inayemtambua. YouTube nayo ina mfumo wa kutambua nyimbo tangu mwaka 2007: wimbo ukisajiliwa humo kwa jina la mtu, video nyingine zote zenye wimbo huo zinaweza kumpelekea yeye pesa ya matangazo. Kwa mwenye haki halisi ni ulinzi mzuri sana. Kwa wimbo ambao mtunzi wake alifariki na familia haijui mtandao, ni mlango ulio wazi, na yeyote mwenye santuri ya zamani na kompyuta anaweza kuingia.

Turudi kwenye ile saa ya miaka 50. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Hata ukimpigia hesabu ya sheria ya 1999, kwa nyimbo alizotunga peke yake, ulinzi uliishia mwisho wa mwaka 2015. Spotify ilifunguliwa Tanzania miaka mitano baadaye. Maana yake ni kwamba katika uhai wote wa haki ya mtunzi yule, chombo cha kumlipa kwa kila usikilizaji hakikuwahi kufika nyumbani kwake. Na msidhani kwamba wimbo ukiwa huru basi hakuna anayelipwa. Chungu hakiulizi saa. Rekodi ikisikilizwa, fungu linakwenda kwa aliyejiandikisha kuwa mwenye rekodi. Kampuni ya Dizim ya Ujerumani, kwa mfano, ndiyo iliyotoa CD ya nyimbo za Cuban Marimba na nyingine ya Morogoro Jazz, ikaziandikia maelezo na kuzifikisha mbali. Nawashukuru kwa kazi hiyo, maana bila watu wa namna hiyo tungekuwa na kelele za kanda tu. Lakini inauma kidogo kwamba aliyekuwa na nia na vifaa vya kuutunza muziki wa Morogoro alikuwa Ujerumani.

Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Saa yake, kwa nyimbo alizotunga peke yake, itagonga mwisho wa mwaka 2029. Hiyo si historia tena, wadau. Hiyo ni kesho kutwa. Mpaka siku hiyo warithi wa mtunzi wana haki kamili ya kudai fungu la utunzi, na baada ya siku hiyo hawana.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya pesa ndogo. Kweli, si pesa ya kujengea ghorofa. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Gawanya mwenyewe, utaona wastani haufiki laki tatu kwa kichwa. Kwenye strimingi nako, tangu mwaka 2024 Spotify wanataka wimbo usikilizwe angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 ndipo rekodi yake ianze kuhesabiwa malipo. Nyimbo nyingi za zamani, na nyingi za vijana wa wilayani, zinakomea hapo chini ya elfu. Kanuni hiyo inawapa wenye majina na kuwaacha wadogo, na mimi naiona si ya haki kwetu. Lakini hata pesa ndogo ina mwenyewe. Laki moja ya mirabaha kwa mjane wa mpiga trampeti ni dawa za mwezi na mfuko wa mchele. Tena si pesa tu. Jina likikosewa kwenye fomu limekosewa duniani kote. Kizazi kijacho kitaamini kilichoandikwa kwenye simu.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Kwa sehemu ni kweli. COSOTA ilikaa miaka mingi chini ya wizara ya viwanda na biashara kabla ya kuhamishiwa wizara ya sanaa, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalifungua njia ili mirabaha ikusanywe na kampuni za wenye haki wenyewe, COSOTA ibaki kuwa msimamizi. Naliunga mkono wazo hilo. Lakini hata chama kiwe kizuri namna gani hakiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halipo kwenye daftari. Chama kinagawa kwa orodha. Orodha inatokana na karatasi. Karatasi inaanzia studio.

Na studio za sasa ziko Kilosa, ziko Mikumi, ziko kila mahali. Kijana analeta mashairi, rafiki anaimba kiitikio, prodyuza anatengeneza mdundo, binamu mwenye simu nzuri anafungua akaunti ya msambazaji. Wote wanacheka, wote washikaji. Wimbo ukibaki hapa mtaani hakuna neno. Ukilipuka, fomu inamtambua mmoja: binamu. Urafiki unafia hapo. Dawa yake ni karatasi moja, iandikwe usiku ule ule wa kurekodi: jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani kaimba, nani katengeneza mdundo, kila mmoja ana asilimia ngapi, na saini zao. Sheria yenyewe inataka mtu akimhamishia mwingine haki yake iwe kwa maandishi. Kwa hiyo karatasi hiyo siyo dalili ya kutoaminiana. Ni kile ambacho Salum hakuwa na nafasi ya kukidai.

Kwa familia za wanamuziki wa zamani, wa Morogoro na kwingine, ushauri wangu ni mfupi. Fungueni masanduku. Barua ya studio, risiti, stakabadhi ya redio, picha yenye tarehe, lebo ya santuri yenye jina la mtunzi kwenye mabano, vyote ni ushahidi. Mpeni mjukuu mmoja anayejua mtandao kazi ya kutafuta nyimbo za babu kwenye Spotify, Boomplay na YouTube, aandike zimepandishwa kwa jina la nani. Halafu mwende navyo COSOTA, na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi mkononi. Kwa warithi wa waliofariki mwishoni mwa miaka ya 1970 muda uliobaki ni mchache, na kwa Mbaraka ni mwisho wa 2029.

Nawasilisha.